Moja kwa Karibu Kila Swali

Mwaka 2013 nilikuwa mwalimu wa biolojia katika sekondari moja ya Kasulu, mwaka wangu wa pili tangu nipangiwe huko kutoka Tanga. Watafiti walipokuja kutafuta watu wa kuwahoji wanafunzi, nilijitokeza wa kwanza. Nilikuwa pia mwalimu wa malezi, na nilijiamini: mtoto yeyote akikaa na mimi nusu saa, atazungumza.

Dodoso lilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilipima ni kwa kiasi gani kijana anaamini anachoambiwa na wengine. Ya pili ilihusu hali ya moyo wake: usingizi, hofu, huzuni, hamu ya kula. Kila sentensi ilijibiwa kwa namba, moja ukikataa kabisa, saba ukikubali kabisa. Watafiti walitaka kujua kama mambo hayo mawili yanakwenda pamoja.

Siku ya kwanza ilikuwa vituko. Kidato cha pili walidhani ni mtihani na saba ndiyo alama ya juu, basi wote wakataka saba. Nilisoma, "Ninaamini ninayoambiwa na watu." Mwanafunzi mmoja akauliza, "Watu gani, madamu? Bibi yangu au wapiga debe wa stendi?" Nikamweleza mtafiti mkuu kwamba swali hilo ni la haki. Tukaandika upya sentensi zote, kila moja ikataja mtu wake: bibi, watu wa nyumbani, mwalimu, rafiki, jirani.

Siku ya tatu akaja msichana wa miaka kumi na mitano, sketi imepigwa pasi vizuri, macho mekundu.

"Ninaamini mwalimu anaponieleza jambo."

"Moja."

"Ninaamini ninayoambiwa na watu wa nyumbani kwetu."

"Moja."

Moja mpaka mwisho wa sehemu ile. Tulipofika kwenye "Ninakosa usingizi usiku," akasema saba bila kufikiri.

Jioni mtafiti mkuu alipitia karatasi zetu akaiweka ile pembeni. "Huyu amejibu ovyo ili amalize haraka. Tumtoe."

"Hakujibu ovyo. Nilikuwa nimekaa naye."

"Wote wanaorudia namba ileile tunawatoa."

"Angalia sehemu ya pili. Kukosa usingizi saba, hamu ya kula mbili, hofu sita. Anayejibu ovyo hachagui hivyo."

Akasoma tena, akairudisha karatasi kwenye fungu lake. Kisha akanikumbusha kwamba mwanafunzi anayeonekana kuumia lazima asaidiwe, akikubali mwenyewe.

Kesho yake nikamwita yule msichana. "Ukitaka kuzungumza, kila siku saa nane mchana nitakuwa maabara. Unaniamini?"

"Hapana, madamu."

"Sawa. Njoo uhakikishe."

Alikuja akachungulia dirishani, akaondoka. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu mvua ilinyesha nikajua hatakuja, lakini nilikaa, na saa nane na robo nikaona kichwa chake kwenye kioo. Siku ya nne akaingia, akavuta stuli.

Mama yake alikuwa mgonjwa. Mwaka uliopita walimpeleka Kibondo kwa dada yake, akafariki huko wakamzika huko. Mtoto alikuwa na mitihani, kwa hiyo ukoo ulikubaliana asiambiwe kwanza. Mitihani ikaisha, hakuna aliyepata nguvu ya kusema. Kila Jumapili bibi yake alimwambia, "Mama anakusalimia." Miezi miwili. Halafu siku moja sokoni, muuza dagaa akamshika mkono akamwambia, "Pole kwa msiba wa mama, mwanangu."

"Nilikuwa narudisha salamu," alisema. "Kila Jumapili, madamu. Nilikuwa nasema, 'Na yeye msalimie.'"

Nilisogeza stuli yangu karibu na yake.

Nilimwomba ruhusa ya kwenda kwao, akanipa. Bibi yake alikuwa uani anachambua maharage.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Karibu."

Alinisikiliza huku mikono yake ikiendelea na kazi. Kisha akasema, "Wewe anakusikiliza. Mwambie mama yake hakuteseka."

"Sijui kama hakuteseka, bibi. Siwezi kumwambia nisichokijua."

Akaweka ungo chini. Alilia kidogo, akajifuta kwa kitenge, akamwita mjukuu wake. Mbele yangu akamweleza yote: kwamba mama aliteseka siku tatu, kwamba alimtaja yeye, kwamba bibi mwenyewe ndiye aliyetoa wazo la kumficha kwa sababu aliogopa kuwapoteza wote wawili. Msichana aliuliza maswali mengi, mengine makali. Bibi alijibu kila moja, na alipokuwa hajui alisema hajui.

Likizo ya Desemba walipanda basi wakaenda Kibondo pamoja, akaliona kaburi. Usingizi haukurudi siku moja. Tulimpeleka hospitali Kabanga mara kadhaa kuongea na muuguzi wa afya ya akili, mwanamke mpole asiyeahidi mambo makubwa. Watafiti waliporudi mwaka uliofuata kuwapima tena, kwa walimu msichana akasema tatu. Kwa bibi yake akasema nne, baada ya kufikiri sana.

Mwaka 2015, kabla sijahamishwa, bibi alikuja shuleni mwenyewe asubuhi, kwa miguu. Mjomba wa yule msichana alikuwa ameanguka shambani, hali yake mbaya. Niliposema nitamwita mwanafunzi ofisini, bibi alikataa, akataka kumweleza mwenyewe. Wakakaa kwenye benchi nje ya darasa la kidato cha nne. Sikusikia walichosema. Nilimwona msichana akiinuka, akachukua mkoba wake darasani, akamshika bibi mkono, wakaelekea barabarani kutafuta bodaboda.