Makopa Pembeni mwa Lami

Naikumbuka asubuhi moja ya msimu wa korosho, mwanangu, nikiwa binti mwenye ndoto nyingi na shule kidogo. Malori ya kwenda bandarini yalikuwa yamejipanga mpaka kwenye kona yetu, Mtawanya, kama kila msimu. Mimi nimekaa juu ya ndoo, nachora daftarini barabara ya juu, ile yenye nguzo, ipite juu ya mapaa yetu foleni iishe.

Pembeni mwa lami nilikuwa nimeanika makopa. Pale muhogo unakauka upesi, usinicheke. Ili malori yasiukanyage nikauzungushia mawe makubwa. Mtaa mzima tulifanya hivyo.

Ikaja bajaji imembeba wifi yangu Somoe, uchungu umeshamshika. Foleni haisogei. Dereva akataka kupita pembeni, akakutana na mawe yangu. Bi Zuhura, mkunga wa zamani aliyekuwa akimsindikiza, akashuka.

"We binti, unachora nini?"

"Barabara ya kumaliza foleni, bibi."

"Nzuri. Basi anza kwa kutoa haya mawe. Huyu mtoto hawezi kungoja nguzo zako."

Niliyatoa huku nalia, makopa nikayamwaga mtaroni. Bajaji ikapita, nami nikaikimbilia nyuma. Somoe alijifungua palepale mlangoni mwa zahanati. Mtoto akakawia kulia. Ule ukimya, mwanangu, sijausahau. Kisha akalia. Bi Zuhura hakunigombeza tena, alinipa tu nimpakate. Siku hizi mtoto yule ananipita kimo.

Wiki hiyohiyo tukamfuata mwenyekiti wa mtaa, akatuombea ruhusa kwa watu wa barabara tuitengeneze ile kona. Makopa tukayahamishia kwenye vichanja nyuma ya nyumba. Tukazibua mtaro, tukashindilia kifusi pembeni mwa kona, madereva wa bajaji wakapata pa kushushia watu bila kuziba njia. Kazi ya makoleo na viganja vilivyochubuka. Nisikudanganye, foleni haikuisha. Lakini ikawa inasogea, na mgonjwa ana pa kupita.

Kwa hiyo ota, mwanangu. Hizo barabara za juu huenda ukazijenga wewe. Ila kabla ya kulalamikia foleni, angalia wewe mwenyewe umemwekea nini mwenzio njiani, ukitoe leo. Lile dogo mnaloliweza, lifanyeni na majirani bila kungoja kubwa.

Mwenyezi Mungu akupe safari nyepesi, akujaalie watu wa kukupisha siku ya shida yako, na akupe moyo wa kuwapisha wengine.