Kabla Ugali Haujaiva

Jirani yangu Mwalimu Gaudensia hajui kunong'ona. Akifundisha, mtaa mzima wa Ng'ambo tunasoma. Mimi nakata vitambaa vyangu kibarazani, na habari za misafara ya zamani nimezijua zote bila kuomba.

Alistaafu kwa sababu ya magoti, lakini roho yake ilikataa. Mwaka huu Mwalimu Masolwa, mkuu wa shule moja ya msingi njia ya Tura, akamruhusu afundishe darasa la sita kwa mtandao. Watoto wanamwona kwenye televisheni, yeye anawaona kwenye simu. Sharti lilikuwa moja: siku ya ukaguzi watoto wawe wanajua kuandika notsi wenyewe, la sivyo kipindi kinafutwa. Gaudensia bila wanafunzi! Hata kumfikiria hivyo kuliniuma.

Sasa, watoto wale wamezoea kunakili ubao. Hapa ubao hakuna, basi wakamnakili mwalimu. Walipotuma picha za madaftari, alinisomea: "Misafara ilipita Tabora ikielekea Ujiji mnanisikia shuu toka wewe kuku mnanisikia sasa." Daftari baada ya daftari, kuku yumo. Nilicheka hadi mkasi ukanidondoka. Naye alicheka, kisha akaanza kuhesabu siku zilizobaki kabla ya ukaguzi, nikajua ameogopa.

Kipindi kilichofuata akawaambia, "Wanangu, kalamu chini. Mama akitoka mkutanoni akukute unasonga ugali, anakusimulia mkutano wote?"

"Hapana, Mwalimu," akajibu Suzana. "Anasema yaliyoamuliwa tu, ugali usije ukaungua."

"Haya, andikeni hayohayo!"

Tangu hapo kila kipindi kilikuwa na msongaji wake, anakoroga hewa kwa rula. Wenzake wanasikiliza, wanaandika maneno machache, kisha wanamsimulia somo kabla ugali haujaiva. Kelele zake, acha tu.

Siku ya ukaguzi, katikati ya somo, mtandao ukakatika. Gaudensia aliitikisa simu, akamwita Bikira Maria, akaniita mimi. Nilikwenda mbio, kana kwamba fundi cherehani anajua mitandao.

Picha iliporudi, darasa lilikuwa linaendelea. Ezekia alikuwa amesimama, daftarini ana maneno manne, anaeleza jinsi wapagazi walivyobeba pembe hadi pwani. Mbele yake ameketi Mwalimu Masolwa mwenyewe na suti yake, rula mkononi, anasonga.

"Mnanisikia?" Gaudensia akauliza.

"Shikamoo, Mwalimu," mkuu akasema bila kugeuka. "Ngoja kwanza amalize, ugali wangu unakaribia kuiva."

Gaudensia akaitikia marahaba kwa kunong'ona, machozi yanamtoka.