Akaunti Isiyo na Makato

Mimi ni mwalimu wa darasa la sita hapa Mikumi, na aibu hii nimejitafutia mwenyewe. Nilitaka kufungua akaunti ya benki kwa simu. Nikazipitia aina zote za akaunti, nikachagua ile isiyo na makato ya mwezi, kisha nikawatambia wenzangu ofisini kwamba wao wanakatwa kwa uvivu wa kusoma.

Fomu iliuliza jina la mzazi, nikaandika la mama. Ikauliza shule, nikaandika yetu. Darasa? La sita, ndilo ninalofundisha. Nikasema moyoni, benki hii inawajali walimu kweli!

Jumatatu nikaenda Kilosa kufuata kadi, nimeongozana na mwenzangu, Mwalimu Chande. Binti wa kaunta niliwahi kumfundisha.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata kadi yangu."

Akatazama kompyuta, akanitazama mimi, akairudia kompyuta.

"Mwalimu, hii ni akaunti ya watoto. Inabidi mama yako aje kusaini."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mwalimu Chande alishikilia ukuta asianguke.

"Na kadi?" nikauliza kwa sauti ndogo.

"Watoto hatuwapi kadi, mwalimu. Tunawapa kibubu."

Akanikabidhi, kwa mikono miwili, bata wa plastiki mwenye tundu mgongoni.