Mbwa Aliyekula Kokoa

Watu waliokuja kumuua mbwa wangu nawafahamu wote. Wazee wao nimewazika, wali wa arusi zao nimekula. Siku ile waliingia na mapanga, marungu na mawe, wakaangusha ua wangu wa matete kana kwamba mwenye nyumba amekufa.

Mbwa mwenyewe ni wa kizungu, goldeni ritriva. Binti yangu aliyeolewa Dar es Salaam ndiye aliyemleta akiwa mdogo. Mimi nilitaka mbwa wa kulinda kokoa. Shule niliishia darasa la tatu, lakini nyumba hii ya tofali za kuchoma na mashamba haya nimeyapata kwa mikono yangu, na wezi wanajua hivyo. Nikaletewa mnyama wa rangi ya mpunga ulioiva, manyoya marefu, anayemlaki mwizi kama mjomba wake. Huku kwetu Talatala wakamwita ndama. “Ndama wako lini tunamkamua?” walikuwa wananiuliza. Niliwajibu atakapoanza kukamuliwa watakuja na vikombe.

Nilianza kumfunza kama nilivyofunza mbwa wangu wote, kwa fimbo. Nikiinua fimbo, analala chali, ananionyesha tumbo. Sasa utampigaje aliyekwisha kujisalimisha? Nikaweka fimbo chini, nikashika usipa, dagaa wetu wa ziwani. Akikaa, dagaa. Akija nikimwita, dagaa. Haukupita muda akawa msikivu kuliko watoto niliowalipia ada. Mke wangu alimchana manyoya na kumtoa kupe, maana manyoya yale kwa joto la Kyela ni adhabu. Akitoka mtoni tulimfuta masikio kwa ndani, la sivyo yananuka. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu, tumbo. Alikula sabuni, alikula magunzi, alikula hata kanda mbili za mgeni wakati mgeni anasali.

Siku hiyo tulikuwa tumefunua kokoa iliyovundikwa kwenye majani ya migomba, tukaianika mkekani. Kokoa ikitoka kuvundikwa ina utamu fulani na harufu kama ya pombe. Sisi tulipoingia ndani kula, yeye alikula mkekani. Sikujua kuwa kokoa ni sumu kwa mbwa. Nimeilima tangu ujana wangu, na mbwa wetu wa kienyeji hawaigusi. Ningejulia wapi?

Alasiri akaanza kuhema na kuzungukazunguka uani. Akatapika. Kisha akatoka nje, akaanguka katikati ya njia, miguu inapiga hewa, povu mdomoni. Wanawake waliokuwa wanapita na ndoo za maji wakazitupa.

“Kichaa! Mbwa ana kichaa!”

Usiwaone wajinga. Muda si mrefu kabla ya hapo, mbwa mzururaji alimng'ata mdogo wake jirani yangu. Kijana yule alikufa amefungwa kamba kitandani, anapiga kelele kila akiona kikombe cha maji. Jirani huyo ndiye aliyemshika miguu. Na ndiye aliyefika wa kwanza kwangu na panga. Mbwa nilikuwa nimeshambeba na kumrudisha uani, na wao wakapitia palepale kwenye ua.

“Toka hapo, tata,” akaniambia. Tata kwa Kinyakyusa ni baba. Alinipa heshima yangu huku panga liko juu.

“Huyu amechanjwa.”

“Chanjo! Toka, tata, nisikukate wewe.”

“Leo ndama anachinjwa!” mmoja akapiga kelele nyuma yao.

Jiwe la kwanza lilinipata mimi begani. La pili lilimpata mbwa ubavuni, akalia kama mtoto. Nikachukua mpini wa jembe. Wa kwanza aliyesogea nilimtandika nao gotini, akaenda chini. Mwingine alinikamata shati kwa nyuma, nikampa kiwiko cha pua, damu ikanirukia shingoni. Mimi ni mzee, lakini si mzee wa kushikwa shati nyumbani kwangu.

Mke wangu ndiye aliyetumia akili. Alisimama juu ya matapishi, akayaonyesha kwa mguu. “Kichaa gani kinatapika kokoa? Njooni mnuse!” Punje zilikuwa nzima nzima. Kisha akaleta beseni la maji. “Mwenye kichaa hanywi. Mwacheni, mtaona wenyewe.”

Hilo kila mtu analijua. Mikono ikashuka. Mbwa akainuka anatetemeka, akajikokota hadi kwenye beseni, akanywa. Alikunywa kwa kelele, pua yote majini. Nikasikia mtu anadondosha jiwe lake.

Na hapohapo, mbwa akiwa bado anakunywa, jirani yangu akashusha panga. Lilimpata mguu wa nyuma. Maji ya beseni yakawa mekundu.

Nilimpiga mkono, mfupa ukalia. Panga likaanguka. Nikampiga mgongoni, nikampiga tena, naye hakujikinga, alikuwa anataja jina la mdogo wake tu. Niliendelea kupiga. Mke wangu akaning'inia shingoni: “Utamuua, baba! Ukafie jela kwa ajili ya mbwa?”

Bwana mifugo aliletwa na bodaboda kutoka Kyela mjini. Alimchoma mbwa sindano, akaukata mguu. Alituambia hata maganda ya kokoa tusimwachie. Siku hizi naanika juu ya vichanja, na chini nimezungusha waya.

Wazee walitukalisha, wakatupatanisha. Jirani alinipa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa kwenye plasta. Niliupokea kwa sababu wazee walikuwa wanatazama.

Mbwa hakuhitaji wazee. Siku ya kwanza aliyoweza kutembea kwa miguu mitatu, jirani alikuwa anapita njiani. Mbwa akamwendea anatikisa mkia, akamwegemea. Yule bwana akasimama kama mti. Halafu akachuchumaa, akamkumbatia kwa ule mkono mmoja, akalia kwa sauti, kilio ambacho sikukisikia hata siku ya mazishi ya mdogo wake. Mimi nikaita, “Njoo!” Nikaonyesha dagaa. Hakuja.

Sasa kila asubuhi anakwenda kulala mlangoni kwa jirani, nami nalazimika kumfuata.

“Ugonile, tata,” jirani ananisalimu. Umelalaje.

Najibu, maana kutojibu salamu kwetu ni aibu. Lakini sikai.