Wegesa na Mto Uliopungua Baada ya Mvua

Wegesa alikuwa na swali moja ambalo kila mgeni wa kambi lazima aulizwe, awe mwalimu, awe mchungaji, awe mfanyakazi wa mgodini Nyamongo aliyekuja kupumzisha masikio. Alisubiri mtu amalize kusimika hema lake, akampelekea chai, akakaa naye kwenye benchi, ndipo akasema, "Samahani, kwani nyumba yenu kule inavuja?"

Watu walicheka. Yeye hakuwa anatania. Alikuwa mama wa miaka hamsini na mitatu, mzaliwa wa kijiji cha Itiryo, na maisha yake yote aliwaona watu wakihangaika watoke kwenye nyasi wafike kwenye bati. Sasa hawa walifunga nyumba za bati, zenye vitanda na umeme, wakaja kulala ndani ya kitambaa msituni. Alitaka kujua. Mmoja alimwambia amefuata ndege. Mwingine alisema kwake hakuna mahali pa kunyamaza. Mama mmoja kutoka Musoma alijibu kwamba hajui, labda atajua akishafika nyumbani. Jibu hilo Wegesa alilifikiria wiki nzima.

Kambi ilikuwa ndogo, mlimani, pale msitu unaposhuka hadi mtoni. Ilikuwa na nafasi za mahema sita: nne juu kwenye mteremko, mbili chini kwenye majani laini kando ya maji. Kulikuwa na jiko la mabati, choo cha shimo, na mabenchi matatu. Mwenye kambi, Mwalimu Ezra, mstaafu anayeishi Tarime mjini, alimwita Wegesa mara ya kwanza kufyeka nyasi kwa siku tatu. Siku ya nne Wegesa alirudi bila kuitwa, akauliza kwa nini choo kimechimbwa upande upepo unakotokea. Mwalimu alisimama pale akanusa, akakihamisha choo, kisha akamfanya msimamizi. Miaka sita imepita tangu hapo.

Kila asubuhi, kabla hajawasha moto, Wegesa alishuka kuutazama mto. Hakuna aliyemtuma. Katikati ya maji kulikuwa na jiwe kubwa jeusi aliloliita Ng'ombe, kwa sababu lilikaa kama ng'ombe aliyelala anacheua. Kiangazi tumbo la Ng'ombe lilionekana lote. Masika ilibaki nundu tu. Kwa jiwe hilo alijua kama wageni wataweza kuvuka kwa miguu, kama nguo zifuliwe leo au zingoje.

Mwezi wa nne mwaka jana, Ijumaa mchana, alifika Okello, fundi wa magari kutoka Nyamongo, na mkewe Adero na binti zao wawili. Walichagua majani ya chini, kama wote wanavyochagua. Usiku ule mvua ilinyesha kwa nguvu huko juu mlimani. Kambini yalifika manyunyu tu, lakini ngurumo zilisikika mpaka karibu na alfajiri.

Wegesa alipoamka alijua atakachokuta: maji mekundu, na nundu ya Ng'ombe ikipotea. Alishuka, akasimama. Tumbo la Ng'ombe lilikuwa nje lote. Chini yake hata miguu ilionekana, mawe mawili ambayo tangu aanze kazi pale hakuwahi kuyaona. Maji yaliyobaki yalipita katikati kama mfereji wa shambani. Kaa walikuwa wakihangaika kwenye tope, na samaki wadogo walirukaruka kwenye vidimbwi. Binti za Okello walikuwa tayari wameingia na ndoo, wanawaokota kwa vigelegele.

"Shikamoo mama!" wadogo walimwita. "Njoo uone! Mto umetuachia samaki!"

"Marahaba wanangu," alijibu, lakini macho yake yalikuwa upande mto unakotoka. Alichota maji kiganjani, akayanusa, akayamwaga. Mvua imenyesha usiku kucha. Maji yake yako wapi?

Okello alitoka hemani akijinyoosha. Wegesa akamwambia, "Fundi, ninaomba mhamie kule juu. Sasa hivi."

"Kuna nini, mama?"

"Mto umepungua."

Okello alitazama mto, akamtazama yeye. "Mama, ungesema umejaa ningekuelewa. Umepungua, halafu tuhame?"

"Ndiyo hapo hata mimi nashindwa kuelewa," Wegesa alisema. "Gari la mtu likizima taa zote ghafla, wewe fundi unafurahi kwamba betri imepumzika?"

Adero, aliyekuwa akisikiliza kutoka ndani ya hema, alicheka. Akatoka na blanketi mikononi. "Okello, tuhame. Akiwa amekosea tutakuwa tumepanda mlima tu."

Walihamisha vitu kwa nusu saa, watoto wakinung'unika kuhusu samaki wao. Wegesa naye alihamisha unga, sukari na birika. Sufuria kubwa aliliacha jikoni, lilikuwa zito. Walipomaliza, alifunga kanga yake kiunoni, akachukua panga.

"Wewe unakwenda wapi?" Okello aliuliza.

"Kuangalia maji yamekwama wapi."

"Peke yako?"

"Kama unakuja, njoo."

Okello alikwenda. Baadaye aliwasimulia watu kwamba hakwenda kwa ushujaa, ila swali la yule mama lilikuwa limemwingia naye kichwani, na hakuona atakavyokunywa chai nalo.

Walipanda kwa njia ya mifugo, mbali kidogo na ukingo, kwa sababu Wegesa alikataa kukanyaga ndani ya mto ingawa kungekuwa rahisi zaidi. Msitu ulikuwa umelowa. Mbega walikuwa juu ya miti, mikia myeupe ikining'inia, wametulia kuliko kawaida yao. Kila baada ya muda Wegesa alisimama kusikiliza. Mto ulikuwa na sauti yake pale kambini hata mtu akisahau kuisikia. Huku juu hapakuwa na sauti kabisa, mpaka Okello akaanza kusikia pumzi zake mwenyewe.

Baada ya saa nzima hivi walifika mahali bonde linapobana, wakaona. Ubavu wa mlima ulikuwa umeporomoka. Udongo mwekundu, mawe, na mikuyu miwili mizima pamoja na mizizi yake vilikuwa vimelala kukatiza bonde kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nyuma yake lilikuwapo ziwa ambalo jana halikuwapo, la maji mazito ya kahawia. Mzinga wa nyuki wa mtu ulikuwa ukielea juu yake, unazunguka polepole.

"Mungu wangu," Okello alisema kwa sauti ya chini.

Wegesa alikata kijiti, akakichomeka pale ukingo wa maji unapogusa ardhi, akachuchumaa akikitazama. Okello alianza kumwambia waondoke, na kabla hajamaliza kusema, maji yalikuwa yameshapita kijiti kwa upana wa kiganja. Chini ya ule ukuta wa udongo, mahali tofauti tofauti, maji yalikuwa yakichuruzika na kutoa mlio kama wa mtu anayenyonya uboho kwenye mfupa.

"Nataka nione yanapotokea maji yale ya katikati," Wegesa alisema, akanyanyuka kusogea.

Okello alimshika mkono. "Mama, hapana. Umeshaona. Twende."

Walishuka mbio, watu wazima wawili wakiteleza na kuinuka. Simu ilishika mtandao walipofika kwenye mwamba ulio nusu ya njia. Wegesa alimpigia Nchagwa, mwenyekiti wa kitongoji cha chini, mahali ambapo wanawake hufua na ng'ombe hunywa.

"Mura, kijana wangu, toa watu mtoni," alisema akihema.

"Mto gani?" Nchagwa akacheka. "Leo hata maji hakuna. Watu wanaokota samaki huku, ni sherehe."

"Hao hao. Watoe. Mlima umeziba mto, na muda wowote utazibuka. Nimeona kwa macho yangu, niko na fundi wa Nyamongo hapa, umuulize."

Wakasikia Nchagwa akipiga yowe, lile la kuitana ng'ombe wanapoibwa, na sauti nyingine zikilipokea.

Maji yalikuja saa tisa alasiri. Kilichotangulia ni harufu, ya udongo uliofukuliwa. Halafu ardhi ilitetemeka miguuni, na Adero akawavuta binti zake ingawa walikuwa juu tayari. Halikuwa wimbi la maji tu. Lilikuwa miti, mawe na tope vikija vimesimama, virefu kuliko jiko. Vilipita pale majani laini yalipokuwa, vikazoa mabenchi mawili na jiko zima pamoja na lile sufuria, vikaendelea. Mto ulifika kitongojini ukiwa na hasira hiyo hiyo. Ulibomoa kivuko, ukachukua ndama mmoja aliyekuwa amefungwa karibu, mali ya mkazi aitwaye Kisyeri. Hakuna mtu aliyeguswa.

Jioni watu walipanda kambini kutoka kitongojini kumwona Wegesa. Bhoke, jirani yake tangu utotoni, alimkumbatia akilia. Wanaume walisimama wakimtazama, mmoja akamuuliza alijuaje.

"Sikujua," Wegesa alijibu. "Nilikuwa nataka kujua tu."

Mwalimu Ezra alikuja Jumatatu, akafunga kabisa nafasi za chini, na jiko jipya likajengwa juu. Wiki iliyofuata alifika mtu wa maji kutoka wilayani akasimika nguzo yenye namba mtoni, akampa Wegesa daftari la kuandika kina cha maji kila asubuhi. Wegesa alimuuliza maswali mpaka yule kijana akaomba maji ya kunywa. Swali la mwisho lilimshinda: mto huu unaanzia wapi hasa? Alisema uko kwenye ramani, lakini yeye mwenyewe hajawahi kufika.

Wegesa naye hakuwahi. Miaka hamsini na mitatu akinywa maji yale, na hajui yanakotoka. Mvua zilipoisha alimchukua Bhoke, wakafunga viazi na chupa ya chai, wakaondoka asubuhi. Walipita yale maporomoko ya udongo, ambayo yalikuwa yameanza kuota nyasi, wakapanda mpaka msitu ukaisha na kukawa na uwanda wa majani mafupi. Huko mto ulikuwa mwembamba kiasi cha kurukwa. Mbele zaidi ukagawanyika mara tatu, na kila tawi lilikwenda kuishia kwenye chemchemi yake, kila moja ndogo kama alama ya kwato ya ng'ombe.

"Sasa mto ni upi hapa?" Bhoke aliuliza.

Wegesa alipiga magoti akanywa kwenye ya kwanza, akaenda ya pili, akaenda ya tatu, kisha akarudi ya kwanza. Alisema ya katikati ni ya baridi zaidi. Bhoke alionja akasema hapana, ni ya kushoto. Walikula viazi wakibishana, na jua lilikuwa limeshaanza kuinama walipokumbuka kwamba kambini kuna wageni wanasubiri chai.