Karai Saba za Udongo

Katika milima iliyo juu ya Kisian palikuwa na kibanda cha mawe, kilichojengwa na Wazungu wa reli tangu vita vya kwanza ili wapanda milima kutoka Kisumu wapate pa kulala. Mtunzaji wake alikuwa Adero, na huyo mama alijua kusiriba. Ukuta akishaupitia yeye, ungedhani umepigwa pasi.

Mvua za mwaka wa sitini na moja zilikataa kukatika. Huko chini ziwa likameza mashamba, na huku juu ukuta wa upande wa genge ukaingia ufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi twajua. Adero akaziba, kiganja kimoja cha udongo. Baada ya juma ufa ukarudi, ukala viganja vitatu. Hapo hofu ikamshika. Kilichokuwa kinapasuka si ukuta, ni mlima wenyewe.

Akamwita Bwana Laban, katibu wa klabu ya wapanda milima. Laban alipanda akihema, akapapasa ukuta, asione hata mstari.

"Ufa uko wapi, Mama? Hapa hata sisimizi atateleza."

Maskini Adero, ufundi wake mwenyewe ulikuwa umemponza. Akatwaa jembe, akaikwangua kazi yake mbele ya mkubwa wake mpaka ufa ukatoka. Laban aliuona ufa, lakini aliliona na jembe.

"Umevunja ukuta, na wageni wa Pasaka wanakuja," alisema. Siku hiyohiyo ufunguo akapewa Absalom, mumewe Adero, aliyekuwa nyumbani hana kazi. Adero aliumia, lakini alinyamaza, kwa kuwa watoto walihitaji kula.

Alhamisi ya Pasaka Absalom alishuka kuchukua unga, ameloa chapachapa, uso umejaa furaha.

"Mama Dorca, ule ufa nimeumaliza. Ukija hutauona."

"Ulitumia udongo kiasi gani?"

"Karai saba. Ulikuwa na njaa kweli."



"Baba Dorca, wageni wako wapi?"

"Wako ndani, kumi na wanane. Wamechoka na kupanda, nimewaacha wamelala."

Adero alichukua jembe lilelile, akatoka mvuani akikimbilia mlimani, na Absalom akabaki mlangoni akimwuliza jembe ni la nini.