Askari aliponiuliza "Leo tena, mzee?" nilinyamaza

Admin, naomba unifichie jina na kijiji. Mimi ni mzee wa miaka sabini na tisa, mwalimu mstaafu, nipo mkoa wa Lindi, upande wa Mchinga. Moyo wangu umechoka, miguu imevimba, na daktari hazungumzi tena habari za kupona. Ramadhani ijayo sidhani kama itanikuta. Naandika polepole kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Huku kwetu gari likibeba mgonjwa, mtu hutoa kanga dirishani na kuipepea. Wenye magari hupisha, na askari wa barabarani wakiiona hawakawii kuruhusu. Hakuna sheria iliyoandikwa, ni kuaminiana tu.

Mwaka jana alifariki rafiki yangu Lindi mjini, na ilikuwa azikwe baada ya adhuhuri. Tulichelewa. Tulijibana watu saba ndani ya gari dogo la jirani, taa moja mbovu. Tulipokaribia askari, mmoja akasema, "Mwalimu, wewe ndiye mkongwe wetu, lala." Nikalala mapajani mwa watu, nikafunikwa shuka, nikaguna. Kanga ikapepea.

Askari kijana akachungulia. "Shikamoo mzee. Pole sana." Nikaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayekata roho. Akasimamisha lori ili sisi tupite. Mbele kidogo gari zima likacheka. "Mwalimu, ungekuwa unaigiza redioni ungetajirika." Na mimi nilicheka.

Alasiri tukirudi nilikaa mbele, namenya chungwa. Askari yuleyule akatusimamisha. Akanitazama, akalitazama na chungwa.

"Mzee, hospitali ya Lindi siku hizi ina dawa kali."

Nikalishusha chungwa mapajani.

"Nakusamehe kwa ajili ya mvi zako. Lakini usinifanye mjinga mara ya pili."

Kisa hicho sikumsimulia mwanangu. Alikuwa safarini, na wenzangu wa safari ile niliwaomba tuyaache yaishie pale.

Miezi kadhaa baadaye mkwe wangu alishikwa na uchungu. Zahanati wakasema damu inatoka nyingi, apelekwe Lindi haraka, na gari la wagonjwa lilikuwa limeshaondoka na mgonjwa mwingine. Tukachukua gari lilelile la jirani. Mwanangu aliendesha, mkwe alilazwa nyuma na mama yake. Mimi nikang'ang'ania kukaa mbele nipepee kanga. Mwanangu alisema, "Baba, baki nyumbani upumzike." Nikakataa. Ningemsikiliza, askari asingeuona uso wangu.

Alikuwa ni yeye. Akalitambua gari, akanitambua na mimi, kanga mkononi. Akatabasamu vibaya.

"Leo tena, mzee?"

Mwanangu akasema, "Afande, mke wangu anatoka damu, tazama nyuma." Hakutazama. Akadai leseni. Leseni ilisahaulika nyumbani. Akaingiza mkono dirishani, akachomoa ufunguo. Mwanangu akashuka, akamshika mkono ili aupate ufunguo. Askari akampiga kirungu kwenye kifundo cha mkono, nikasikia mfupa. Akamlaza kifudifudi kwenye lami, akamfunga pingu.

Nilitakiwa kusema sentensi moja: "Siku ile nilikudanganya, leo ni kweli." Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini mama wa mkwe wangu alikuwa anasikia, na mwanangu anasikia. Nikasema, "Afande, sisi ni watu wazima," basi. Heshima yangu ya ualimu nikaiona ina thamani kuliko dakika zile.

Aliyetuokoa ni yule mama. Alishuka akamwonyesha askari mikono yake, imelowa damu hadi viwikoni. Askari akabadilika rangi. Akamfungua mwanangu, akashika usukani mwenyewe, akaendesha mpaka hospitali. Mkwe alipona. Mtoto wa kiume hakupona. Tulimzika kesho yake.

Mwanangu amepeleka malalamiko. Anataka askari afukuzwe na ashtakiwe. Askari amejieleza kuwa mzee yule aliwahi kumdanganya na mgonjwa wa uongo. Kijiji kizima kinasema anamsingizia mwalimu ili ajiokoe. Mwanangu aliniuliza, "Baba, alikuwa na maana gani kusema leo tena?" Nikamjibu, "Amenifananisha." Akaridhika. Tangu siku hiyo nimepoteza usingizi.

Msidhani namtetea. Nina hasira naye mpaka sasa. Hata ningekuwa nimemdanganya mara mia, kuchungulia kiti cha nyuma kungemchukua muda gani? Nani alimwambia kirungu ni jibu la baba anayemwombea mkewe? Ndicho kinachoniudhi: maisha ya mtu kuachwa yategemee askari mmoja ameamkaje, na amekumbuka uso wa nani. Lakini aliyemfundisha kutoiamini kanga ni mimi. Nikiamua kumlaumu, nakutana na mimi mwenyewe. Nikiamua kujilaumu, naukumbuka ule mlio wa mfupa.

Jumatatu maofisa wanakuja hapa kitandani kuchukua maelezo yangu. Nikisema kweli, naogopa malalamiko ya mwanangu yatadharauliwa, na kirungu kitasahaulika. Nikinyamaza, nakwenda kaburini na uongo juu ya uongo, na kijana wa watu anabeba hata lililo langu.

Mkono wa mwanangu uliunga vibaya, umepinda. Kila asubuhi ni mkono huohuo unaonipitia chini ya kwapa na kuniinua nitawadhe. Leo aliniambia, "Jumatatu usiogope baba, wewe sema ulichokiona tu."

Wanangu mnaosoma hapa, nishaurini. Nimwambie yeye kwanza, kabla hawajafika? Na nikishamwambia, kesho yake nani ataniinua?